Mama Akahamia Nyakato, Mimi Nikahamia Busan

Habari ilinikuta stendi ya Bunda, nikiwa nimesimama natafuna muhindi wa kuchoma. Nilikuwa nimetoka Musoma kumtembelea mume wangu, anayefundisha sekondari pale Bunda, na simu ikalia mlio ule wa barua pepe. Nikaifungua kwa mkono mmoja. Nilisoma mstari wa kwanza, nikasoma tena, kisha nikapiga ukelele. Mama mmoja aliyeuza nyanya akainuka kwenye kigoda chake akisema, "Wamekuibia? Kaelekea wapi?"

"Hapana mama, nimechaguliwa!" nikamjibu, nikamwachia muhindi wangu bila kujua kwa nini, nikaanza kukimbia.

Mume wangu alikuwa uani anafua. Aliponiona nahema akadhani nimeleta msiba.

"Nimepata," nikasema.

"Umepata nini?"

"Korea."

Akanitazama, mikono yake imejaa povu. "Korea ipi? Ile ya mabomu au ile ya simu?"

"Ya simu!"

Akaninyanyua hivyo hivyo na povu lake, gauni langu likalowa mgongoni, na mwenye nyumba akatoka nje kuja kuona kuna nini. Nilikuwa nimeomba ufadhili ule mara mbili nikakosa. Mara ya tatu niliomba kimya kimya, sikumwambia mtu isipokuwa yeye. Sasa nilikuwa naenda Busan, mji wa bandari kusini mwa Korea Kusini, kusomea usindikaji wa samaki kwa mwaka mmoja na nusu.

Kazi yangu ni afisa uvuvi. Huku kwetu watu wazima bado wanatuita bwana samaki, na mimi kuwa mwanamke hakukubadilisha kitu. Nikifika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, utasikia mtu anapaza sauti, "Jamani, bwana samaki mama amefika, ficheni hizo nyavu!" Kisha wanacheka, na mimi nacheka, na nyavu zenye macho madogo wanazificha kweli. Lakini kilichokuwa kinaniuma moyoni hakikuwa nyavu. Kilikuwa dagaa. Kule Mugango wanawake huanika dagaa kwenye mchanga, na jua likiwepo mambo huenda. Zikija mvua, mzigo wa usiku kucha huoza mbele ya macho yao, wanabaki kuukusanya kwa reki kuwapa kuku. Nilikuwa nimeandika ripoti nyingi kuhusu jambo hilo. Hakuna dagaa aliyekaushwa na ripoti.

Furaha ya siku ile ilidumu mpaka jioni. Tulipokaa kula, mume wangu akauliza swali ambalo wote wawili tulikuwa tumelikwepa.

"Na mtoto?"

Binti yetu, ambaye siku ile nilimwacha kwa jirani, alikuwa darasa la pili. Aliishi na mimi Nyakato, pale Musoma mjini, na baba yake alikuja kila Ijumaa jioni na kurudi Bunda Jumapili. Chumba chake cha Bunda kilikuwa kimoja, na siku zake alizimalizia shuleni. Tukakubaliana kwamba jibu ni moja tu: mama yangu, aliyeko Butiama. Mtoto ahamie kwa bibi, ahamishwe shule. Tulipanga hivyo kana kwamba mama alikuwa amekaa nasi mezani.

Jumapili tukaenda Butiama, tukamkuta mama ametoka misani, bado amevaa kitenge chake cha kanisani, anakamua. Mama ni mjane, ana ng'ombe wachache na shamba la mihogo, na hajawahi kulala mjini zaidi ya siku mbili. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika kamba ya ndama. Nilitegemea machozi. Akakamua mpaka akamaliza, ndipo akauliza.

"Huko wanakulaga nini?"

"Wali na samaki, mama."

"Maziwa?"

"Sijui."

"Hujui? Unaenda mahali hujui kama kuna maziwa?" Akatikisa kichwa. "Kanisa lipo?"

"Lipo. Nimeangalia."

Akabeba ndoo akaingia ndani. Mume wangu akaninong'oneza, "Amekasirika." Tukakaa pale kama watoto waliovunja chungu. Mama alipotoka alikuwa amebadili kitenge.

"Mtoto hahamishwi shule," akasema. "Mtoto kama mche wa nyanya, ukimng'oa mara mbili ananyauka. Nitakuja mimi."

"Wapi?"

"Nyakato. Kwako."

"Na ng'ombe?"

"Si yupo mdogo wako hapa? Au yeye alizaliwa kula tu?" Akaketi, akanyoosha miguu. "Sikiliza. Mimi nilizaliwa kilima kile, nikaolewa kilima hiki, na kaburi langu najua litakuwa wapi. Wewe unaenda kuona watu. Na mimi nataka nikaone watu wa mjini wanaishigaje."

Mume wangu akacheka kwanza, kisha mimi. Tukagundua kwamba mama hatanii.

Kwa hiyo tulihama wawili. Asubuhi ya siku niliyoondoka, mama alishuka Nyakato kwenye gari la mzigo na kuku watatu, galoni la maziwa, gunia la unga wa muhogo na mtama, na jembe. Nikamuuliza jembe la nini, akasema mtu hakai mahali bila jembe. Binti yangu aliwapokea kuku kwa shangwe kuliko alivyompokea bibi yake. Nilipochuchumaa kumuaga, aliniuliza, "Utarudi lini?"

"Ukiwa darasa la nne."

Akafikiri. "Basi nenda," akasema, akarudi kwa kuku.

Neno lile nilikwenda nalo njia nzima. Mume wangu alinisindikiza mpaka Mwanza, na tulipopita Bunda akanionyesha shule yake dirishani kana kwamba sijawahi kuiona. Alinishika mkono mpaka uwanja wa ndege. Huzuni ilikuwepo, ila chini yake kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, na nitasema ukweli, kile kinachochemka ndicho kilikuwa kikubwa zaidi. Ndege ilipoinuka juu ya ziwa nikaona visiwa vimetapakaa kama mbegu zilizomwagika, nikacheka peke yangu. Abiria wa pembeni akanipa peremende.

*

Busan ni mji uliobanwa kati ya milima na bahari, na watu wake wamekataa kubanwa. Maghorofa yamepanda milima mpaka karibu na kilele. Nilifika mwishoni mwa majira yao ya joto, jasho linanitoka kama niko Musoma mwezi wa pili, na jambo la kwanza lililonishangaza ni sauti. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wa huko ni wapole, wanainama, wanaongea taratibu. Labda miji mingine. Watu wa Busan wanaongea kama wanagombana. Mzee mmoja na mke wake walikuwa wakipeana maneno makali kwenye treni, nikadhani sasa watapigana, kumbe wanajadili washuke kituo gani. Nikatamani kuwakumbatia. Sisi watu wa Mara tunasemwa hivyo hivyo nchi nzima, kwamba tukisalimiana mgeni huita polisi.

Kila siku ilikuwa na jambo jipya, na kila jambo nililipenda kwa pupa. Chumba changu cha bweni kilikuwa na sakafu inayopashwa moto kwa chini, na baridi ilipokuja nilikuwa nalala chini kama paka, nikiacha kitanda kitupu. Nilijifunza kuvua viatu mlangoni na kupokea kitu kwa mikono miwili, jambo ambalo mama yangu alishanifundisha kwa makofi. Nilijifunza kwamba bahari hupanda na kushuka. Nililijua darasani, lakini ziwa letu halifanyi hivyo, na siku ya kwanza nilipoona maji yameondoka na kuacha miamba mitupu nilisimama pale mpaka yakarudi. Nilichelewa kipindi. Profesa wangu, mzee mwembamba mwenye miwani mikubwa, aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa natazama maji yakirudi. Akaniandikia kwamba nimehudhuria.

Soko la samaki nililigundua wiki ya kwanza. Niliingia nikifuata harufu, nikapita kwenye matangi ya samaki hai, kaa, na viumbe ambavyo mpaka leo sijui niviiteje, nikafika mahali pa vitu vikavu. Pale nikaganda. Ilikuwa harufu ya dagaa. Si inayofanana nayo. Ni yenyewe, ile ya Mugango asubuhi jua likianza kuwaka. Mezani kulikuwa na vilima vya visamaki vyeupe vyenye kung'aa, vimepangwa kwa ukubwa, kutoka vidogo kama punje za mchele mpaka vya urefu wa kidole.

Mwenye meza alikuwa mwanamke wa rika la mama yangu, mfupi, nywele zimesokotwa vijipindo, amevaa glavu za pinki na aproni ya mpira. Akanifokea kitu. Sikuelewa, nikamfokea na mimi kwa Kiswahili: "Mama, hawa ni dagaa!" Akachukua kimoja akanitia mdomoni, bila kuniomba ruhusa. Nikatafuna. Nikasubiri ile chembe ya mchanga inayokwaruza jino. Haikuja.

Nikatoa simu, nikaongea kwenye ile programu ya kutafsiri: "Mnawaanika wapi?" Simu ikamwambia kwa Kikorea. Yule mama akanitazama kwa mashaka, akaonyesha juu ya paa kwa kidole. Nikafurahi: wanaanika juu ya paa! Nikauliza tena, na ndipo mwanafunzi aliyekuwa ananunua pembeni akanieleza kwa Kiingereza huku akijizuia kucheka kwamba simu ilikuwa imeuliza, "Unalala wapi?" Yule mama aliishi mlimani, nyuma ya soko. Alipoelewa alicheka mpaka akashika meza.

Nilimwita Imo tangu siku ile. Ndivyo wateja walivyomwita, na maana yake ni mama mdogo, dada wa mama. Sikuhitaji kujifunza neno hilo mara mbili.

*

Nyumbani mambo yalikuwa mazuri isipokuwa jambo moja. Mama alikuwa mzima, mume wangu alikuja kila Ijumaa, kuku walikuwa wanataga. Lakini binti yangu hakutaka kuongea nami. Nikipiga simu ya video alikuwa anakuja, ananitazama kidogo, anaondoka.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje na kuku," mama anasema.

"Mwite."

"Nimemwita. Amesema ana kazi."

Mume wangu aliniambia nimpe muda. Nikampa. Kisha ikafika sikukuu yao kubwa ya mavuno, na mji ule wenye kelele ukanyamaza. Kila mtu alikuwa amekwenda kwao. Bweni likabaki na mimi na mlinzi. Nikapiga nyumbani, na safari hii nikamsikia binti yangu akisema waziwazi, akiwa nyuma ya bibi yake: "Huyo si mama. Huyo ni simu."

Nililia. Ndiyo mara ya kwanza nililia Busan. Nikanawa uso, nikatoka kwenda kutembea, na miguu ikanipeleka sokoni japo nilijua pamefungwa. Imo alikuwepo, anamwaga maji na kufagia mbele ya meza yake. Akanitazama usoni, akauliza swali ambalo wao huulizana kama sisi tunavyoulizana habari za asubuhi: umekula?

Nikatikisa kichwa. Akatupa ufagio, akanishika mkono wa koti.

Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, ngazi mpaka magoti yanatetemeka. Alikuwa ameandaa meza ya kumkumbuka marehemu mume wake: matunda, samaki, wali, pombe kidogo kwenye kikombe, na pweza mzima aliyechemshwa, amejikunja kama ua la zambarau. Mwanawe alikuwa Seoul na angefika kesho yake. Imo akainama mbele ya meza, nami nikafanya ishara ya msalaba kwa heshima ya marehemu, akaniitikia kwa kichwa, tukakaa kula. Alinijazia bakuli mara nyingi kiasi kwamba nikajua kweli niko kwa mama mdogo.

Tulipomaliza nikasema nimpigie mama yangu anione nimeshiba. Uso wa mama ulipotokea, Imo akaninyang'anya simu. Akaanza kuongea Kikorea kwa sauti ile ya sokoni. Mama akamsikiliza, kichwa kimeinama upande, kisha akamjibu. Hakumjibu kwa Kiswahili. Alimjibu kwa Kizanaki, kwa kuwa aliona, kama alivyonieleza baadaye, kwamba mtu akikuongelesha lugha ya kwao nawe unamrudishia ya kwenu, mambo yanakuwa sawa. Wakaendelea hivyo. Imo akamwonyesha sufuria. Mama akamwonyesha kibuyu cha maziwa. Imo akapiga kifua, akanielekezea kidole, akafanya ishara ya mtu mwembamba. Mama akasema, kwa Kiswahili sasa, ili nami nisikie, "Anasema haulagi. Nilijua."

Kelele zile ndizo zilizomleta binti yangu. Kichwa chake kikaingia kwenye kioo kutoka pembeni. "Bibi, unagombana na nani?"

Imo akaona mtoto. Akaruka, akaenda mezani, akarudi amemnyanyua pweza kwa mikono miwili mbele ya simu.

"Mama!" binti yangu akapiga kelele. "Hiyo ni nini?"

Mama. Aliita mama.

"Ni pweza," nikasema.

"Ana miguu mingapi?"

"Hesabu."

Akahesabu, akaanza upya kwa kuwa Imo alikuwa anamzungusha, akahesabu tena. Kisha akauliza anaonaje, anakula nini, anaumaga au haumi, na kwa nini rangi ile. Nilijibu nilichojua na vingine nikasema nitamuuliza profesa. Tangu hapo, kila Jumamosi jioni kwangu, asubuhi kwao, nilikuwa nampeleka sokoni kwa simu. Alitaka kila wiki mnyama mpya. Wiki moja hapakuwa na mpya, Imo akamwonyesha paka.

*

Mama naye alikuwa na Busan yake. Mwanzoni alikuwa akilalamika kwamba Nyakato watu wanapita bila kusalimiana. Akatatua tatizo hilo kwa kukaa barazani na kumsalimia kila mpita njia mpaka wakazoea, na wasiojibu aliwafuata. Mdogo wangu alikuwa anamtumia maziwa kutoka Butiama, mengi kuliko wao watatu wangeweza kunywa, mama akayagandisha, akaanza kuwapa majirani, kisha majirani wakaanza kununua. Baada ya miezi michache aliitwa Bibi Mtindi mtaa mzima. Binti yangu alimfundisha kupiga video, na hilo likawa kosa, maana alikuwa ananipigia nikiwa darasani. Siku moja niliposahau kuzima sauti, profesa akaniambia nipokee. Mama akatokea kwenye kioo akiwa amesimama katikati ya soko la Mwigobero.

"Mwanangu, hivi sangara wa huko wana ukubwa gani?"

"Mama, niko darasani. Huyu hapa ni mwalimu wangu."

"Mwalimu, shikamoo!" Mama ni mkubwa kuliko profesa, sijui kwa nini alimwamkia. Profesa akainama mpaka miwani ikateleza.

Majira ya kuchipua majani, tulipelekwa kwenye kijiji cha wavuvi pembezoni mwa mji. Boti zilikuwa zimerudi na nyavu zimejaa visamaki vile. Wanaume wenye makoti ya mpira ya njano walijipanga mstari mmoja, wakashika wavu, wakaanza kuukung'uta kwa pamoja huku wanaimba, na kila wanapoukung'uta samaki wanaruka hewani juu ya vichwa vyao kama cheche za kuni mbichi. Magamba yalitua kwenye nywele zangu. Nilimwomba kiongozi wao nijaribu. Akanitazama, akanisogezea nafasi. Wimbo siujui, nikaimba wa kwetu wa kupalilia, mapigo yakaingiana, na wenzangu wa darasani wakapiga picha ambayo mpaka leo iko ukutani kwetu: bwana samaki mama, mdomo wazi, dagaa usoni.

Siri ya dagaa wa Imo wasio na mchanga niliiona mwezi uliofuata, kwenye banda la kukaushia. Samaki wakitoka majini tu, huwatumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka, mara moja, wanaibuka weupe na wagumu, kisha huwatandaza juu ya nyavu zilizoinuliwa. Hawagusi ardhi. Hata jua likikosekana, tayari wameiva kidogo, hawaozi haraka. Nilisimama mbele ya ile sufuria kubwa nikihisi mikono inawasha. Sufuria tunazo. Chumvi tunayo. Nyavu chakavu, Mugango imejaa. Kwa wiki nzima sikuongea jambo lingine. Ndicho nilichoandikia tasnifu.

Karibu na mwisho, profesa aliniita ofisini. Akanieleza kwamba kuna nafasi ya kuendelea na udaktari, miaka mitatu, na angependa niichukue. Nilitoka pale nikitembea haraka bila kujua naenda wapi. Nilitaka kubaki. Sitalificha. Nilikuwa nimezoea mji ule, nilikuwa naota ndoto zenye ngazi zake na upepo wake, na nilikuwa mtu ambaye kila asubuhi anaamka akiwa na hamu.

Nilimweleza Imo kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akaacha kupanga samaki wake. Kupitia simu, iliyokuwa imejifunza adabu kidogo, alinieleza kwamba alizaliwa kisiwani, akaja Busan akiwa msichana, auze samaki msimu mmoja tu wa baridi. Mama yake alifariki siku za mawimbi makubwa, boti hazivuki. Alivuka wakiwa wameshazika. "Sijutii kubaki," simu ikasema kwa sauti yake isiyo na hisia. "Najutia boti." Kisha akanipa kreti nimbebee mpaka ndani.

Nikapiga nyumbani wote wakiwepo, siku ya Jumamosi.

"Baki," mama akasema mara moja. "Mimi nina wateja."

Binti yangu akasema, "Ukibaki nije na mimi."

Mume wangu alisubiri mpaka wengine walipoondoka. "Ukibaki nitakuelewa," akasema. "Ila sitafurahi. Nimeona nikuambie zote mbili."

Kama angesema moja tu, yoyote kati ya hizo, nadhani ningebaki. Nilikaa na maneno yake siku kadhaa. Kilichoamua kilikuwa picha aliyonitumia bila kusudi lolote, alipopita Mugango na wanafunzi wake: mvua, na wanawake wanakusanya dagaa waliooza. Nikaona kwamba nina jibu la picha ile kichwani mwangu na nimeliweka mbali na wenyewe. Nikarudi kwa profesa nikamwambia nataka nikajaribu kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Niandikie likifaulu. Likishindwa, niandikie kwa urefu zaidi."

*

Kwenye stendi ya Musoma, binti yangu alikuwa mrefu, meno ya mbele mapya na makubwa, amesimama kati ya baba yake na bibi yake. Akaja, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mgeni. Nikaitikia marahaba. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yake, akanikumbatia, nikawa nalia na kucheka.

Nyumbani alinitembeza kwenye nyumba yangu mwenyewe. "Sukari bibi alihamishia huku. Mlango huu unainua kwanza ndipo unasukuma. Usikalie kile kiti, ni cha kuku mgonjwa." Nilimfuata kwa utii. Siku chache zikapita za adabu tupu, ahsante mama, naomba mama. Kisha jioni moja nikamkataza kutoka nje kabla hajamaliza hesabu, akapiga mguu chini, akanuna, akaniambia mimi ni mkali kuliko bibi. Niliingia jikoni nikajifunika mdomo kwa kanga ili asinisikie nikifurahi.

Mama alirudi Butiama na kuku wake kumi na jembe lake, ambalo alikuwa amelimia mchicha nyuma ya nyumba. Haukupita mwezi akashuka tena mlangoni. "Kule kumepoa sana," akasema. Sasa anakaa huku na huku, na wateja wa mtindi wanajua ratiba yake kuliko mimi.

Mugango tulianza na kikundi cha wanawake na sufuria moja ya kupikia pilau la harusi. Mara ya kwanza nilichemsha muda mrefu mno, dagaa wakawa uji. Mwenyekiti wa kikundi akachota kwa mwiko, akatazama, akasema, "Bwana samaki, hii ndiyo umeifuata mpaka Korea?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Mara ya pili nilizidisha chumvi. Mara ya tatu waliibuka vile vile nilivyowaona kule, weupe na wagumu, tukawatandaza juu ya chaga tulizozitengeneza kwa miti na nyavu kuukuu, na mawingu yakatanda siku mbili mfululizo. Siku ya tatu mwenyekiti akachukua mmoja, akamvunja katikati, akasikia mlio wa kukatika. Alienda kuwaita wenzake.

Kuni ni tatizo bado. Tunajaribu maranda ya mbao, na kuna siku moshi unatufukuza wote. Si kila mwanamke amekubali; wengine wanasema mchanga haujawahi kumuua mtu. Lakini msimu huu wa mvua kikundi hakikumwagia kuku kitu, na wiki iliyopita wanawake wa kisiwa cha Rukuba wamenipigia wenyewe. Wamesikia. Wameshatafuta sufuria, wameshafunga chaga, wanataka nije niwaone wanachemsha ili nisije nikawacheka baadaye.

Boti inaondoka kesho asubuhi na mapema. Binti yangu hajawahi kufika kisiwani, na shule zimefungwa. Nilimwambia abebe sweta, maana ziwani kuna upepo. Amepanga begi tangu mchana, ameniuliza kama tutalala huko, kama kuna kenge, kama boti ikiyumba mtu anashika wapi. Hivi sasa yuko uani, amevaa jaketi la kuokolea ambalo limemfika magotini, anamfundisha bibi yake namna ya kulifunga. Mama amesema na yeye anaenda.